Kupiga Picha na Kupiga Hodi

Wazazi wengi hudhani kuwa mtoto mwenye hamu ya kupiga picha za wanyama hahitaji kitu ila kamera. Humnunulia chombo, humpeleka mbugani, kisha husubiri sifa. Mimi naona kuwa mambo haya yamepangwa kinyume. Jicho ni la kwanza na kamera ni ya mwisho. Na baina yao pana heshima kwa kiumbe kinachotazamwa. Mtoto apewaye chombo kabla ya heshima atapata picha, lakini yamkini gharama yake italipwa na mnyama.

Nasema haya kwa sababu kwa miaka miwili nimekuwa mwalimu wa binti wa dada yangu, mwenye umri wa miaka kumi, hapa Morogoro. Mali yetu ya kwanza ilikuwa daftari, kalamu ya risasi na simu yangu ya mkononi. Uchache huo ulitufaa. Lenzi ya simu haifiki mbali, kwa hiyo mwanafunzi wangu alianza na vilivyo karibu: mjusi ukutani, kinyonga uani, kipepeo juu ya ua, jongoo baada ya mvua. Katika kazi hii kimo kifupi ni neema. Mtu mzima hana budi kulala kifudifudi ili aonane na jongoo uso kwa uso, lakini mtoto huinama tu. Picha iliyopigwa kutoka juu humwonyesha mnyama kama kitu kilichodondoshwa njiani. Iliyopigwa katika usawa wa macho yake humwonyesha kama mwenye makazi na shughuli zake.

Somo la pili lilikuwa mti wa jirani uliojaa viota vya mnana. Nilimwagiza asipige picha hata moja kwa siku saba, ila atazame na kuandika. Aliandika kuwa dume ndiye mjenzi. Kuwa huchana majani vipande vyembamba na kuvisuka kwa mdomo. Kuwa kazi ikiisha huning'inia chini ya kiota, kichwa chini, akipigapiga mabawa kumwita jike. Jike huja, huingia, hukagua kama mpangaji mwenye shaka, na asiporidhika huenda zake. Kiota kilichokataliwa kikikauka, aghalabu dume hukibomoa mwenyewe akaanza kingine. Siku ya nane niliazima kamera yenye lenzi ndefu kwa rafiki. Mabawa yaendayo kasi vile hayashikiki ila kamera ifumbue na kufumba jicho lake kwa muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde, nayo kwa muda mfupi hivyo huhitaji mwanga mwingi. Kwa hiyo tulikwenda baina ya saa moja na saa tatu asubuhi, jua likiwa mgongoni mwetu, kabla halijapanda likatia vivuli vyeusi machoni mwa ndege. Mtoto alimjua dume yule hata akatambua kabla kuwa sasa ataning'inia. Picha aliyoipata haikuwa bahati. Ilikuwa mavuno ya siku saba.

Mtihani wa kweli ulikuja baadaye. Chozi alijenga katika mti mdogo nyuma ya nyumba, akatotoa makinda mawili. Mpwa wangu alikuwa amewaahidi wenzake wa darasani picha ya makinda hayo, lakini jani moja pana liliziba mlango wa kiota. Akaja kwangu na mkasi.

"Mjomba, nikilikata jani hili moja tu, kila kitu kitaonekana."

"Kitaonekana na nani?" nikamwuliza.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Juu ya paa palikuwa na kunguru. Jani lile ndilo lililowafunika makinda wasionwe na kunguru, na ndilo lililowakinga na jua la adhuhuri. Akaurudisha mkasi ndani. Picha aliyoipeleka shuleni ilikuwa duni: nusu yake kivuli, na mdomo wa kinda mmoja unaonekana kama uzi wa manjano. Wenzake walimcheka. Hakufurahi, wala mimi sikumlazimisha afurahi. Kwa mtoto, kuvunja ahadi mbele ya wenzake ni hasara kamili.

Jioni ile aliniuliza kwa nini lugha yetu husema kupiga picha kama isemavyo kupiga bunduki. Swali lake lina historia. Mwaka 1905 Mjerumani Carl Georg Schillings alichapisha kitabu cha picha alizozipiga usiku katika nchi hii, kwa nuru ya baruti. Jina la kitabu chake lilitaja pamoja taa ya kupigia picha na bunduki, na ili awapate simba alifunga mifugo hai kuwa chambo. Picha zake ziliustaajabisha ulimwengu, mifugo ililipa. Nilimjibu mtoto kuwa neno ni lile lile, lakini lugha hiyo hiyo husema pia kupiga hodi. Mpiga picha hana budi kuchagua anapiga kama nani: kama mwindaji au kama mgeni mlangoni.

Tangu siku hiyo hodi ikawa kanuni yetu. Mgeni mwenye adabu hubisha mara tatu, na asipoitikiwa hurudi alikotoka. Mnyama huitikia kwa kuendelea na shughuli yake, na hukataa kwa kuiacha. Tulipokwenda Mikumi, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, tulizima gari ili mtikisiko wake usiharibu picha, tukaweka mfuko wa maharage dirishani uishike lenzi. Swala pala walikula bila kutujali; hiyo ilikuwa karibu. Mbele kidogo tembo jike mwenye mtoto alitanua masikio akatikisa kichwa. Mpwa wangu alikuwa wa kwanza kuteremsha kamera na kumwomba dereva arudi nyuma. Hakuambiwa na mtu.

Yaliyobaki ni rahisi kufundishwa. Baada ya kila safari, mtoto achague picha tano tu na kueleza sababu. Chini ya kila picha aandike jina la mnyama, mahali, tarehe, saa, na alichokuwa akifanya. Asiandike asilolijua, wala asimwite wa porini mnyama aliyefungiwa. Picha ni ushahidi, na ushahidi una wajibu wa kusema kweli.

Mwaka 1959 filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael iliitangaza Serengeti duniani, na sifa yao haipunguzwi tukisema kuwa watoto wa nchi hii nao wana macho. Kamera zitazidi kuwa rahisi mwaka hata mwaka. Heshima haitakuwa rahisi, wala haiuzwi dukani pamoja na lenzi. Udongo uwahi ungali maji: wafundishwe sasa kubisha hodi, na kuondoka wasipoitikiwa, hata kama picha waliyoiacha nyuma ingewapa sifa.