Uchaguzi Hurudiwa, Mazishi Hayarudiwi

Msiba ukitokea hapa Lizaboni, Songea, daftari hutangulia turubai. Ni daftari la shule la kawaida. Kijana mwenye mwandiko unaosomeka hukalishwa nalo kwenye meza ndogo karibu na njia, akapiga mistari ya rula: jina, fedha, vitu. Shilingi 2,000. Debe la mahindi. Sukari kilo moja. Mzigo wa kuni. Jioni mwenye msiba husomewa ukurasa kwa ukurasa, ajue nani kafika. Nimekaa kwenye misiba mingi ya mwaka wa uchaguzi, mitaa ikiwa imejaa bendera, na sijaona daftari lenye safu ya chama.

Jirani yetu mmoja, Mpemba wa upande wa Wete, alipenda kukaa karibu na meza hiyo. Aliuza nguo sokoni kwa miaka mingi, na mtaa ukipata msiba alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika, uwe wa Mwislamu au wa Mkristo. Siku moja nilimwuliza kwa nini haondoki pale mezani. Akanieleza habari za mama yake, aliyefariki kijijini kwao muda si mrefu baada ya uchaguzi wa 1995. Kijiji karibu chote kilikuwa cha CUF, chama cha upinzani, na nyumba yao ilijulikana kuwa ya CCM, chama tawala. Watu aliokua nao, waliokula kwa mama yule, hawakuja. Kwa desturi jeneza hubebwa kwa kupokezana, na watu hukimbilia kuingiza bega kwa ajili ya thawabu. Siku ile walioinua jeneza mlangoni ndio waliolifikisha kaburini. Hakuna aliyewapokea.

Hakusema zaidi, wala hakuwalaumu. Alisema tu kwamba wengine kati yao alikutana nao baadaye wakasalimiana vizuri, na kila alipowapa mkono aliliona lile jeneza.

Tumezoea kuuhesabu uchaguzi wa Zanzibar kwa viti na kura, na hesabu zenyewe zinashangaza. Januari 1961 Afro-Shirazi Party ilipata viti 10 vya Baraza la Kutunga Sheria, Zanzibar Nationalist Party, yaani Hizbu, ikapata 9, na Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) ikapata 3. Kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. Wajumbe wa ZPPP wakagawanyika, pande zikawa 11 kwa 11, serikali ikashindikana kuundwa. Ikabidi watu warudi kwenye masanduku mwezi Juni. Safari hii kulizuka ghasia, na watu 68 wakauawa, wengi wao Wamanga, yaani Waarabu wa kutoka Omani, wenye vijiduka na vishamba huko mashambani. Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, ikaambulia viti 13 kati ya 31. Uhuru ukapatikana tarehe 10 Desemba, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakaja Mapinduzi.

Lakini wazee wa visiwani wakiitaja miaka hiyo huiita zama za siasa, na wanachokikumbuka zaidi ni kususiana. Baada ya uchaguzi wa 1957 watu waligomeana maduka na mabasi. Wenye mashamba ya karafuu waliokuwa Hizbu waliwafukuza waliolima chini ya mikarafuu yao kwa kosa la kuwa Afro-Shirazi, na miongoni mwa watu wa bara waliokwenda kutafuta riziki katika mashamba hayo walikuwamo Wayao na Wamakonde, jamaa za watu wa huku kwetu kusini. Kisha mgomo ukaingia penye mauti: watu wa kijiji kimoja, wa dini moja, wakaacha kuzikana. Nikiyasoma mambo ya 1961 na 1964, sishangai tena kwamba panga lilipata nafasi. Mtu ambaye hukumzika mama yake, na yeye hakumzika wako, umeshamtoa katika hesabu ya watu wako. Kinachofuata hutokea upesi.

Vyama vingi viliporudi, kususiana nako kulirudi, Pemba hasa, kama alivyosimulia jirani yangu. Mwaka 1995 Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Mwaka 2000 uchaguzi ulivurugika, ukarudiwa katika majimbo 16 kati ya 50. Januari 2001 polisi waliwapiga risasi waandamanaji waliopinga uchaguzi huo. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu waliokufa wasiopungua 35, na zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Oktoba 2015 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, aliufuta uchaguzi mzima, ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF ikiwa imeususia.

Visiwa hivyo vimeurudia uchaguzi mwaka 1961, mwaka 2000 na mwaka 2016. Karatasi huchapwa upya, masanduku hufungwa lakiri upya, na mtu aliyenyang'anywa haki yake anaweza angalau kutumaini siku nyingine ya kupanga foleni. Ila hakuna tume inayoweza kutangaza kwamba mazishi ya mama wa jirani yangu yatarudiwa, kwamba jeneza litolewe tena mlangoni na walioshindwa kufika wapate nafasi ya kuingiza bega. Hasara hiyo haimo katika matokeo ya jimbo lolote, na ndiyo ninayoililia.

Sisi wa Songea tuna sababu ya kulielewa jambo hili. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa zaidi ya wazee 60 wa Vita vya Majimaji na kuwafukia katika kaburi moja. Songea Mbano, ambaye mji huu umechukua jina lake, alizikwa peke yake, na ukoo wake unaamini kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Kila Februari tunakusanyika kwenye makumbusho ya Majimaji, na kila Februari swali la kichwa linarudi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa, akakaa na ukoo wa Mbano, akaomba msamaha. Ilikuwa imepita miaka 117. Kichwa hakikurudi siku ile, na msiba haukwisha. Hata hivyo mgeni alifika kwa wafiwa na kusema pole kwa kinywa chake, na wafiwa wakamsikiliza.

Zanzibar nayo imeonyesha kwamba mlango haujafungwa. Novemba 2009 Rais wa Zanzibar, Amani Karume, na Maalim Seif walikutana Ikulu, na mwaka uliofuata, kwa kura ya maoni, theluthi mbili ya wapiga kura wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Maalim Seif alipofariki tarehe 17 Februari 2021, aliyewatangazia watu habari hizo alikuwa Rais Hussein Mwinyi, aliyeshindana naye miezi michache tu nyuma, na yakatangazwa maombolezo ya siku saba. Alizikwa kwao Mtambwe, Pemba. Jirani yangu alifuatilia yote kwenye redio, kaacha duka wazi bila mtu, akilia waziwazi. Mtu wa nyumba ya CCM alikuwa anamlilia Maalim.

Maridhiano ya wakubwa, hata hivyo, yalihusu zaidi nani ashike wizara gani. Pole za kijiji kwa kijiji hazikuwekwa katika makubaliano. Mpaka leo tarehe 12 Januari, siku ya Mapinduzi, ni sikukuu ya taifa na gwaride, na siku hiyohiyo zipo nyumba zinazosoma dua kimyakimya kwa ajili ya waliouawa katika Mapinduzi hayo. Wapo wanaoikumbuka Januari 2001 peke yao. Kila upande una wafu wake na siku yake, na hauendi kwenye siku ya mwenzake.

Huku bara tuliyatazama hayo kama mambo ya ng'ambo ya bahari, tukasahau kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulituletea vifo katika miji yetu wenyewe, na familia zilizozunguka hospitali hadi hospitali zikitafuta miili ya watoto wao. Sasa nasi tunao wafu ambao baadhi ya watu wanaona hatari kuwalilia hadharani.

Jirani yangu amekwisha kufa. Alizikwa hapa Lizaboni, na njia nzima ya makaburini waliombeba walipokewa, Waislamu na Wakristo, wa chama hiki na kile, hata mimi nilipata nafasi ya bega kwa hatua chache tu kabla ya kusukumwa na aliyekuwa nyuma yangu. Nilifurahi kwa ajili yake, nikaumia kwa ajili ya mama yake.

Kilichobaki ni pole, na pole haina tarehe ya mwisho. Watoto wa waliouawa 1961 na 1964 wengi wangali hai, na wajane wa 2001 wanaishi na watu waliowasusia. Wanaojua nyumba hizo wanazijua. Hawahitaji tume wala muafaka kupiga hodi. Na kabla ya uchaguzi wa 2030, huku na visiwani, anayetaka kura yangu nitamwuliza jambo moja mbele ya ilani yake: mara ya mwisho mpinzani wako alipofiwa, ulikwenda?