Mizani Moja Mpakani

Mnamo Machi 2020, Uganda ilipofunga mipaka yake kwa wasafiri kwa sababu ya korona, malori ya mizigo yaliendelea kuvuka Mto Malaba. Mimi, mwanagenzi wa ushairi niliyerudi nyumbani Malaba baada ya vyuo kufungwa, sikuweza kuvuka kumwona mpenzi wangu aliyekuwa Tororo. Nikamtungia tarbia, nikamsomea kwa simu. Ilianza hivi: "Mpaka mbali nami."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mshororo wako unachechemea. Hesabu tena."

Nakiri kwamba niliona haya. Sisi wa upande wa Kenya tumezoea kuwatania jirani zetu kwa Kiswahili chao. Yeye alikipata sokoni, mimi darasani. Hata hivyo, nilihesabu. Katika "mpaka", m ni silabi kamili: m-pa-ka, mizani tatu. Katika "mbali", m hushikamana na b: mba-li, mizani mbili tu. Mimi niliipa tatu kwa kuyafuata maandishi. Yeye alilifuata sikio. Ukwapi wangu ulikuwa na mizani saba badala ya nane.

Nikatia "u": "Mpaka u mbali nami." Arudhi ilitimia, lakini akacheka. "Mbali gani, nawe waviona vizuizi ukiwa mlangoni kwenu?" Ndipo nikaandika "si", na ubeti mzima ukabadilika:

Mpaka si mbali nami, wewe ndiwe u ng'amboni,
Lori lavuka si mimi, njia yangu i moyoni,
Neno la wangu ulimi, nalitia shairini,
Ningoje, usijihami, tutaonana sokoni.

Vina vya utao vyote ni kiambishi cha mahali, -ni. Mhakiki mkali ataviita vina vyepesi, na hatakosea. Lakini vinachora safari: ng'ambo, moyoni, shairini, hadi sokoni. Vina vya ukwapi, -mi, vinabaki kwangu mimi niliyekwama.

Aghalabu wanamapokeo na wanamabadiliko hubishana iwapo arudhi ni pambo au pingu. Siku ile kwangu haikuwa pambo wala pingu. Mizani iliyopungua ndiyo iliyofichua kwamba nilikuwa nimesema uongo: mpaka haukuwa mbali, ruhusa ndiyo iliyokuwa mbali.

Mpaka ulipofunguliwa, tulionana sokoni. Mapenzi yenyewe hayakudumu. Lakini hadi leo, kabla ya kuuamini mshororo wowote, huusoma kwa sauti, kidole kikigonga meza.