Madirisha ya Mainz, madirisha ya Tanga

Mainz, Ujerumani, Januari 2022. Dakika ya ishirini ilipotimia, mwalimu alikatiza somo. Wanafunzi wawili waliinuka wakayafungua madirisha yote hadi mwisho, wa tatu akafungua mlango wa upande wa pili, na baridi ikapita darasani kutoka ukuta hadi ukuta. Hakuna aliyelalamika. Walikuwa na makoti mwilini, blanketi mapajani na barakoa usoni. Baada ya dakika tano wakafunga, somo likaendelea.

Utaratibu huu wa kupunguza maambukizi ya Korona ulipendekezwa na idara ya mazingira ya serikali ya Ujerumani Oktoba 2020, majira ya baridi yalipokuwa yanakaribia: kila dakika 20 fungua wazi kabisa, dakika tatu hadi tano. Kuacha upenyo mdogo siku nzima hakutoshi; chumba hupoa na hewa chafu hutoka polepole mno.

Juu ya kabati kulikuwa na kifaa chenye taa tatu: kijani, manjano, nyekundu. Hakipimi virusi, kinapima kabonidayoksaidi. Hewa ya nje ina takriban sehemu 420 katika milioni. Pumzi tunayoitoa ina kama 40,000. Kwa hiyo kifaa kikionyesha 2,000, takriban pumzi moja katika kila 25 unazovuta imeshatoka kwenye mapafu ya mtu mwingine. Hesabu hiyo ilinishtua kuliko picha zote za kirusi cha Korona nilizowahi kuonyeshwa. Na si jambo geni: Max von Pettenkofer wa Munich alipendekeza kikomo cha 1,000 tangu mwaka 1858.

Watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Kemia, ambayo iko hapohapo Mainz, walibuni njia nyingine. Juu ya kila meza huning'inizwa karatasi laini ya plastiki, pana kama mwavuli uliofunguliwa. Pumzi ya mtoto ina joto, hivyo hupanda yenyewe; mwavuli huikusanya, bomba huipeleka dirishani, feni huitupa nje. Vifaa vilipatikana kwenye duka lolote la ujenzi, wakati huo kwa takriban yuro 200 kwa darasa, na watafiti walipima kuwa huondoa asilimia 90 hivi ya vitone vinavyoelea. Nimeupenda ubunifu huu kwa sababu unaanza na mtoto alipokaa, si na mashine inayouzwa.

Italia nilipita haraka, lakini mkoa wa Marche una takwimu za kutajwa. Katika madarasa zaidi ya 10,000, 316 yaliwekewa mashine za kuingiza hewa safi. Maambukizi yalipolinganishwa, madarasa yenye mashine za nguvu zaidi yalikuwa na maambukizi pungufu kwa zaidi ya asilimia 80 kuliko yasiyo na mashine.

Tanga, Februari. Shule moja ya msingi, majengo mawili kwenye kiwanja kimoja, na mimi nina kifaa kama kile cha Mainz mkononi.

Jengo la zamani lina paa la juu, na chini ya paa, pande zote mbili, safu ya matofali yenye matundu. Madirisha hayana vioo, ni nondo na wavu. Kaskazi ilikuwa inavuma. Watoto karibu 80, watatu watatu kwenye dawati, wakasimama kwa pamoja: "Shikamoo, mgeni!" Nilikaa nyuma somo zima na taa haikutoka kwenye kijani. Kile ambacho Mainz walikipata kwa saa na blanketi, hapa mjenzi alikiweka ukutani.

Jengo jipya linapendeza machoni: vigae sakafuni, dari nyeupe, madirisha ya alumini ya kuteleza. Lakini kioo kimoja kikisukumwa juu ya kingine, nusu ya dirisha hubaki imezibwa daima. Ukuta wa pili hauna dirisha hata moja. Vumbi la uwanjani likitimka, hata ile nusu hufungwa. Taa iligeuka manjano mapema, na somo lilikwisha ikiwa nyekundu.

Kwenye kila mlango bado kulikuwa na ndoo ya koki ya kunawia mikono, tangu shule zilipofunguliwa tena Juni 2020. Zinafaa kwa magonjwa ya kuhara, zibaki. Ila Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema Korona haisambai kwa hewa, likabadili maelezo yake mwaka 2021, na kwa muda huo fedha na nguvu zetu zilikwenda kwenye kunawa mikono. Kifua kikuu na surua vinapita njia hiyohiyo ya hewa, na vilikuwa darasani kabla ya Korona.

Dirisha halimalizi kila kitu. Watoto waliobanana dawati moja hupeana pumzi kabla upepo haujafika, na hapo barakoa ndiyo kinga. Kaskazi nayo hutulia. Feni moja iliyogeuzwa kutoa hewa nje ingesaidia.

Nilimuuliza mwalimu mkuu kwa nini jengo jipya halikuwekewa matundu. "Ramani inaletwa, ndugu yangu, sisi tunasimamia ujenzi tu." Jengo la tatu lilikuwa linaanza kujengwa, msingi umeshamwagwa, kuta bado. Tulimwita fundi. Alisema matofali ya matundu anayafyatua mwenyewe palepale, na bei yake haizidi ile ya alumini. Mwalimu mkuu akaahidi kulipeleka jambo hilo kwenye kamati ya shule kabla kozi za juu hazijafikiwa.