Klachi iliteleza siku ya 23: tulivyoidai dhamana ya gari la mtumba

Wiki hii zamu ya kuandika ni yetu, kikundi cha usafirishaji. Wengi mmetuuliza ile pikapu iliishia wapi, na wengine mnapanga kununua gari kwa akiba ya kikundi kama sisi. Basi tunaeleza yote, na pesa tunazitaja.

Sisi ni 12. Wengine tumetoka Kivu, wengine Burundi, wawili Rwanda. Kila mmoja alikuwa anaweka shilingi 10,000 za Uganda kwa wiki, kutoka kwenye kubeba maji, kufyatua matofali, kuchaji simu za watu, na ile posho ndogo ya sisi tunaojitolea siku za ugawaji. Baada ya wiki 90 tulikuwa na 10,800,000. Akina mama wa kikundi cha kushona wakatukopesha 3,000,000, turudishe 250,000 kila tarehe 5 kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo ile gari haikuwa yetu peke yetu, ilikuwa na jasho la cherehani za wamama ndani yake.

Kwa nini gari? Watu wa Juru na Rubondo wanalima mahindi na maharage. Mnunuzi anakuja na lori lake, mizani yake na bei yake. Ukiwa na gari unafikisha gunia Mbarara mwenyewe, unauliza bei kwa watu watatu halafu ndio unauza.

Tulinunua pikapu ndogo ya Kijapani kwenye yadi moja mjini, zile ambazo hapa wanaita bondi, kwa 13,500,000. Muuzaji alitupa karatasi ya dhamana, siku 90 au kilomita 3,000. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Mwenzetu mmoja anakijua vizuri, akatusomea mstari kwa mstari palepale yadini, hatukuona aibu. Upande wa kufunikwa kulikuwa na injini, giaboksi na difu. Upande wa kutofunikwa waliandika sehemu zinazochakaa kwa matumizi: tairi, betri, breki, balbu, na klachi.

Hapo kwenye klachi tulisimama kwanza. Sisi wa Kongo tumezoea kuita ambreyaji, kwa hiyo tulihakikisha tunaongea kitu kimoja. Muuzaji akasema klachi ni nzima, pandeni nayo mlima. Tulipanda, ikavuta vizuri. Tukasaini.

Siku ya 23, ikiwa na mahindi, ilikataa kilima. Injini inalia juu kabisa lakini gari halisogei, na harufu kama ya breki zilizoungua. Dereva wetu akaiweka pembeni, mizigo ikashushwa. Kisha akaipima kwa njia ambayo kila dereva anaweza: handibreki juu, weka gia ya tatu, achia klachi polepole. Klachi nzima itaizima injini. Ya kwetu ilikuwa inaendelea kunguruma tu, kama vile hakuna gia. Ina maana klachi inateleza.

Jioni ile kulikuwa na fundi wa jirani aliyekuwa tayari kuifungua kwa 120,000. Mahindi ya watu yanasubiri, tarehe 5 inakuja, ungefanya nini? Aliyetuzuia ni mzee mmoja fundi wa kutoka Bukavu, tunamwita Papa kwa heshima. Alituambia, "Wanangu, mkifungua hapa, yule wa yadi atasema nyinyi ndio mmeharibu. Muacheni aione ikiwa imefungwa."

Basi hatukuigusa. Tulipiga picha ya kilomita kwenye dashibodi, tukaandika tarehe, tukamtumia muuzaji ujumbe wa maandishi, hatukupiga simu. Simu haiachi alama. Jibu lake lilikuja usiku: klachi haimo kwenye dhamana, na nyie huko kambini mnajaza mizigo kama lori.

Ile "nyie huko kambini" ilituuma kuliko klachi yenyewe. Kesho yake kikao kikawa moto. Mmoja alitaka tuiuze kama ilivyo, tugawane kilichobaki. Wawili wakasema mkimbizi hashindi kesi nchi ya watu, tusipoteze muda. Wengine tukauliza: na akina mama tutawaambia nini? Mwishoni tulikubaliana jambo moja dogo tu, kwamba gari lifunguliwe mbele ya mafundi wawili, wa kwake na wa kwetu. Kama klachi imeisha kwa kuchakaa, tutalipa wenyewe. Kama sivyo, tutaongea. Muuzaji hakuweza kukataa ombi kama hilo, akakubali. Lori lililokuwa linarudi tupu likatuvuta mpaka mjini kwa 150,000.

Sasa hapa someni polepole, maana ndipo kesi ilipogeukia. Klachi ni sahani inayobanwa kati ya flaiwili ya injini na presha pleti. Ile sahani imebandikwa kitambaa kigumu cha msuguano, na kitambaa kimeshikwa na ripiti. Klachi iliyochakaa inaonekana kwa macho: kitambaa kimekuwa chembamba, ripiti zimefika juu, wakati mwingine zimekwaruza flaiwili. Giaboksi iliposhushwa, kitambaa cha sahani yetu kilikuwa bado kinene na ripiti ziko chini kabisa. Lakini sahani nzima ilikuwa imelowa, inang'aa mafuta.

Papa akayasugua yale mafuta kwa vidole, akanusa, akampa fundi wa yadi naye anuse. Mafuta ya giaboksi ni mazito na yana harufu yake kali. Haya yalikuwa mepesi na meusi, mafuta ya injini. Wakatoa flaiwili, na nyuma yake oili sili ya krenki imekauka kama kipande cha plastiki, mafuta yanapita. Fundi wa yadi mwenyewe, tunamshukuru kwa ukweli wake, akasema, "Boss, hii ni sili."

Hoja yetu ikawa nyepesi. Hatudai klachi kama klachi. Tunadai injini, ambayo imo kwenye karatasi, imevuja na imeua klachi. Na mizigo ikizidi inaweza kuunguza sahani, ila haileti mafuta ndani. Muuzaji akasema sili ni mpira, na mpira unachakaa. Tukamwomba atuonyeshe neno sili kwenye orodha yake ya vitu vinavyochakaa. Halikuwepo.

Hakukubali siku hiyo. Siku mbili baadaye tulirudi na barua ya ukurasa mmoja, nakala moja kwake na nyingine kwa mwenyekiti wa LC1 wa eneo lile. Tulitaja Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017, inayozungumzia ubora wa bidhaa na kufaa kwake kwa kazi iliyonunuliwa. Tulitaja pia kwamba korti za Uganda zina utaratibu wa madai madogo, yasiyozidi shilingi 10,000,000, ambapo mtu anajisemea bila wakili. Na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 16, unampa mkimbizi haki ya kufika kortini. Hatukumtishia. Tuliandika kwa adabu, tukamwita mzee wetu, tukaomba kumaliza kwa mazungumzo.

Mwenyekiti alitukalisha wote, tukamaliza hivi. Muuzaji alipe sili na kazi yote ya ufundi, 250,000, pamoja na nusu ya seti ya klachi iliyokuwa 600,000. Sisi tulipe nusu nyingine, 300,000. Tukaandika kwamba matengenezo hayo yana dhamana yake ya siku 60. Sahani ya zamani na ile sili tulizichukua, bado tunazo ndani ya gunia.

Ukipiga hesabu, tulitoa 450,000 ukijumlisha na kuvutwa, na siku 16 bila kazi ambazo hakuna aliyetulipa. Wawili kati yetu bado wanasema tungeenda kortini tupate yote. Labda ni kweli. Lakini tarehe 5 ilikuwa inakaribia, na akina mama hawali hukumu. Tuliwalipa 250,000 zao tarehe 4, kwa kuchangishana tena.

Kwa wanaotaka kununua, tunawaachia haya:

1. Soma karatasi kabla ya pesa kutoka mkononi. Ikiwa ni lugha usiyoijua, njoo na anayeijua, na uliza kila jina la kipuri kwa lugha zote mbili.

2. Gari likisumbua, lisimamishe. Ukiendelea kuliendesha likiwa linateleza, unaunguza flaiwili na unampa muuzaji sababu ya kukukatalia.

3. Usifungue kabla muuzaji hajaona. Picha, kilomita, tarehe, ujumbe wa maandishi.

4. Usibishane juu ya kilichoharibika tu, tafuta kilichokiharibu. Kipuri kinachochakaa huenda kimeuliwa na kipuri kilichofunikwa.

5. Kipuri cha zamani ni shahidi wako. Usikiache gereji.

Na nyinyi wa mashirika mnaotusoma, tunawaheshimu na kazi yenu tunaiona. Mafunzo ya biashara tumeyapata, mpango wa biashara tunaujua hata usingizini. Lakini hakuna aliyewahi kutukalisha na mkataba halisi wa mauziano na kutufundisha kuusoma. Saa moja tu, karatasi moja, kwa Kiswahili na Kirundi, ingesaidia vikundi vingi.

Tunajua pia kwamba sisi wa Uganda tunaruhusiwa kutembea na kufanya kazi, wenzetu wa Tanzania na Kenya kwenda mjini tu ni shughuli ya vibali. Mliowahi kudai dhamana ya simu, pikipiki au sola mkiwa ndani ya kambi, tuandikieni mlivyofanya. Pikapu inapanda vilima vya Rubondo sasa, na deni la akina mama limebaki miezi mitano. Mwenye mahindi atuambie mapema, Jumanne tunapakia.