Kura Niliyoipiga Bila Kufikiri



Tarehe 20 Desemba 2023 nilisimama katika foleni ya kupigia kura, katika shule moja ya Katuba, tangu asubuhi hadi alasiri. Siku ile sisi wakaaji wa Lubumbashi tulipaswa kuchagua mara nne: Rais wa Jamhuri, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo, na mshauri wa komine. Kuhusu Rais nilikuwa nimefikiri kwa majuma mengi. Kuhusu mbunge wa taifa nilikuwa nimesikiliza mijadala ya redio na kubishana na rafiki zangu. Nilipofika kwenye kura ya tatu, mashini ilinionyesha nyuso nyingi hata macho yakachoka, na nyuma yangu watu walikuwa wamekwisha kuanza kunung'unika. Nikaona uso mmoja niliouzoea. Nikaugusa. Karatasi ikatoka, nikaikunja, nikaitia sandukuni. Haikuchukua hata dakika moja.

Uso ule ulikuwa wa bwana mmoja ambaye, tulipomzika nyanya yetu mwaka uliotangulia, alituma magunia mawili ya unga wa mahindi kwenye matanga. Hakuja yeye mwenyewe. Alimtuma kijana mwenye pikipiki. Lakini tulikula bukari ile siku tatu, sisi na majirani, na mama alisema, "Mtu aliyekumbuka msiba wetu, hatuwezi kumsahau." Basi sikumsahau.

Mwezi wa Aprili 2024 redio zikatangaza kwamba maseneta watachaguliwa tarehe 29. Nilikuwa katika mkutano wetu wa vijana, nami nikasema kwa sauti kubwa, kama kawaida yangu, kwamba uchaguzi huu ni wa wakubwa peke yao, na kwamba hakuna aliyetuuliza sisi. Alikuwepo mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye sote tunamwita Baba Mwalimu. Akaniambia kwa upole: "Mwanangu, uliulizwa mwezi wa kumi na mbili. Ulijibu nini?"

Sikuelewa. Akatueleza, na nakiri kwamba wengi wetu, hata tuliomaliza chuo kikuu, tulikuwa tunasikia kwa mara ya kwanza. Kwa mujibu wa Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, seneta anawakilisha jimbo lake, lakini hachaguliwi na wananchi moja kwa moja. Anachaguliwa na bunge la jimbo. Kila jimbo lina maseneta wanne. Kinshasa pekee ina wanane. Majimbo ni ishirini na sita, hivyo maseneta wanaochaguliwa ni 108, na Katiba inawaongezea marais wa zamani waliochaguliwa, ambao ni maseneta maisha yao yote. Bunge hilohilo la jimbo humchagua pia gavana. Kwa hiyo Haut-Katanga nzima, kutoka Kasenga hadi Sakania, kutoka Likasi hadi Pweto, inasema neno lake kwa midomo ya watu wachache wanaoketi katika ukumbi mmoja hapa mjini. Kati yao wamo na machifu wa kimila walioingizwa humo bila kupigiwa kura na wananchi, ambao Katiba haiwaruhusu kuzidi sehemu moja ya kumi. Katika ukumbi kama huo, kura zisizofika ishirini zinatosha kumpeleka mtu Kinshasa.

Wenye methali walisema: vyaelea, vimeundwa. Sisi watu wa bara hatuna jahazi, lakini tunajua maana yake. Nilikuwa natazama maseneta wakielea, nami nilikuwa nimepigilia msumari mmoja bila kutazama.

Baba Mwalimu alitukumbusha na mambo mengine. Maseneta wa kwanza wa Katiba hii walichaguliwa mwezi wa Januari 2007 kwa miaka mitano. Waliendelea kuketi hadi mwaka 2019: miaka kumi na miwili. Katikati ya muda huo, mwaka 2015, Katanga yetu ya zamani ikagawanywa kuwa majimbo manne, na wao wakabaki palepale. Ni wao waliopitisha, pamoja na Bunge la Taifa, sheria mpya ya migodi iliyotangazwa tarehe 9 Machi 2018. Sheria hiyo inasema kwamba katika mrabaha unaolipwa na makampuni ya madini, robo iende kwa jimbo na asilimia 15 iende kwa komine, sekta au uchifu wa mahali madini yanapochimbwa. Sisi tunaoishi juu ya shaba tunapaswa kujua ni nani wanaokaa kwenye meza ambapo asilimia hizo zinakatwa.

Kisha ikaja tarehe 14 Machi 2019. Malalamiko ya kununuliwa kwa kura za wabunge wa majimbo yalikuwa mengi hata Rais mpya akasimamisha kwa muda kuapishwa kwa maseneta waliochaguliwa. Baadaye waliketi. Watu walilalamika barabarani, kisha wakarudi nyumbani. Nami nililalamika, na miaka minne baadaye nikagusa uso wa mtu wa unga.

Uchaguzi wa Aprili 2024 ulipopita, tulijua kwamba mmoja wa wanne wa Haut-Katanga ni Bwana Sama Lukonde, aliyekuwa Waziri Mkuu. Tarehe 12 Agosti alikuwa Spika wa Seneti, na ikitokea kiti cha Rais wa Jamhuri kikabaki wazi, Katiba inampa Spika huyo kukishika kwa muda. Jambo zito kama hilo limepitia katika bunge letu la jimbo. Wale watatu waliobaki, katika kikundi chetu cha vijana thelathini, hakuna aliyeweza kuwataja kwa majina.

Tukaamua kwenda kumwona mbunge niliyempa kura. Tulikwenda watu watano. Alitupokea vizuri, akatuletea soda. Nikamwuliza: "Baba Mheshimiwa, katika uchaguzi wa maseneta ulimchagua nani, na kwa sababu gani?"

Alicheka kidogo. "Kura ni siri, mwanangu." Ni kweli, ni siri. Kisha akatuuliza yeye: "Nanyi, mlipokuja kwangu wakati wa kampeni, mliniomba nini?"

Tulinyamaza. Dada mmoja kati yetu, mwandishi wa kikundi, akasema: "Jezi za mpira."

"Niliwapa?"

"Ulitupa, Baba."

Akasema: "Kila juma watu wanagonga mlango huu. Ada ya shule, dawa, jeneza. Tangu niingie bungeni hakuna aliyeniuliza habari ya seneta. Ninyi ndio wa kwanza."

Sisemi kwamba jibu lake lilikuwa la haki. Mtu aliyekabidhiwa kura ya watu maelfu hawezi kujificha nyuma ya jezi kumi na moja. Lakini nilitoka pale bila neno la kumjibu, na soda yangu sikuimaliza.

Jioni nilimsimulia mama. Nilidhani angekubaliana nami, kumbe alikasirika. "Ulitaka nirudishe unga? Siku ile nyanya yako amelala sebuleni, nani mwingine alituma kitu?" Nikamwambia kwamba shukrani ni jambo moja na kura ni jambo lingine. Akaniuliza: "Na maskini ana kitu gani kingine cha kumshukuru mtu?" Hadi leo natafuta jibu ambalo halitamdharau mama yangu.

Katika kikundi tumefungua daftari. Ukurasa wa kwanza una majina ya maseneta wote wanne wa Haut-Katanga, na chini yake jina la mbunge wa jimbo ambaye kila mmoja wetu alimpa kura, kwa wale wanaokumbuka. Wasiokumbuka wameandika "sikumbuki". Ni wengi kuliko tulivyotazamia. Tulijaribu pia kukubaliana kwamba uchaguzi ujao, ambao kwa kalenda ni mwaka 2028, kikundi kisimwombe mgombea yeyote kitu chochote. Hatukuweza. Nusu walisema ndiyo. Nusu walisema kwamba paa la ukumbi wetu linavuja, na hakuna mwingine atakayelitengeneza. Mjadala utaendelea Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Wachezaji wa mpira wamesema watakuja wote.