Ukija Garsen, Unalala Wapi?

Hili swali nalipata kila wiki kwenye inboksi: "Bro, natoka Nairobi naenda Lamu, nimeambiwa naeza kwama Garsen. Nalala wapi?"

Sawa, tuongee ukweli. Kurasa za watalii zinakurusha kutoka Malindi hadi Lamu utadhani hapo katikati hakuna watu. Garsen wengi wanaijua kwa kukwama tu. Baada ya shambulio la Mpeketoni, Juni 2014, mabasi ya Lamu yalianza kusindikizwa na polisi, na ukiachwa na msafara, wewe ulikuwa wa hapo mpaka kesho. Mvua nazo zikizidi, Tana inafura na barabara inakatika. Ndio maana gesti zetu ni za mtu wa usiku mmoja: dereva, mnunuzi wa ng'ombe, afisa aliyekuja semina.

Hazina ubaya. Unapata kitanda, neti, ndoo ya maji na feni. Neti ikague matundu kabla hujalipa, sikutanii, mbu wa delta hawana adabu. Washa feni mwenye kaunta akiwa bado amesimama hapo. Chumba cha upande wa barabara kikatae, malori hayalali. Asubuhi kunywa chai ya maziwa, halafu zunguka sokoni. Utakuta Waorma na mifugo yao, Wapokomo na maembe, ndizi na mchele. Hawa ndio watu ambao 2012 mliwasoma magazetini kwa mauaji tu. Sasa hivi wanazozania bei.

Hayo ndiyo ninayojibu. Kuna kitu sijawahi kuwaambia.

Desemba nilienda kupiga video za historia ya huku. Ngao, ambako wamisionari Wajerumani wa Neukirchen walifika 1887. Kipini, mto unapomwagika baharini, na magofu ya Ungwana karibu na hapo. Nikachukua gesti Garsen siku tatu, sababu feni na pa kuchajia kamera. Bibi yangu anakaa kijiji cha upande wa Ngao, nauli ya boda tu. Nilijiambia nitampitia siku ya mwisho, nikiwa nimemaliza kazi.

Nani alimwambia, sijui. Garsen ni ndogo, na mimi na kamera yangu tulikuwa tunaonekana kama twiga. Nilipofika kwake alinipa kiti, akanipa maji, akasema: "Nasikia mume wangu amehamia Garsen." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Halafu akanionyesha chumba cha nyuma. Maji ya Novemba 2023 yalikibomoa, yeye na majirani wakaenda kukaa hemani mpaka mto ukashuka. Aliporudi alianza kujenga hicho, cha wageni, kabla ya jiko. Jiko lilikuwa bado ni mabati manne na mawe matatu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, neti mpya, na mimi nilikuwa na risiti ya gesti mfukoni.

Nililala pale usiku ule. Joto lilikuwa lile lile, na simu ilizima saa tatu. Nilikula kambare wa kupaka na wali, nikasikiliza viboko wakinguruma mtoni hadi usingizi ukanibeba. Kontenti sufuri.

Asubuhi nikampa wazo, maana mimi siwezi kuacha kazi nyumbani. Nikamwambia: "Bibi, hiki chumba naweza kukutafutia wageni kutoka Nairobi, wakulipe." Alifikiri kabisa, msidhani alinikatalia tu. Pesa anaitaka, jiko halijaisha. Akaniuliza, "Akishalipa, atakuwa mgeni wa nani? Na akija mtu wetu usiku huo nimlaze wapi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Kuna vijana kule wangeishi vizuri kwa biashara hiyo, na ningeipigia debe bila haya. Lakini si kile chumba.

Kwa hivyo mkiniuliza tena, nitawauliza kwanza kama mna mtu upande ule. Kama hamna, gesti, na mkague neti. Mimi Desemba nishapanga. Nimenunua feni mbili za kuchaji, moja ni ya bibi.