Mchapuko Usio na Haraka

Lipo kosa moja la kalamu yangu nyekundu ambalo kustaafu hakujanisahaulisha. Nalileta mbele yenu, malenga na wapenzi wa lugha, kwa kuwa ingawa lilitendeka katika somo la fizikia, mzizi wake ulikuwa neno.

Nilisomesha hisabati na fizikia katika shule za sekondari, kisha nikahamia chuo cha ualimu. Siku moja niliwapa wanachuo swali hili: jiwe limefungwa kwenye kamba yenye urefu wa mita 1, nalo linazungushwa kwa kasi isiyobadilika ya mita 4 kwa sekunde. Je, lina mchapuko? Majibu yalitakiwa yawe kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi ya masomo hayo kwetu. Kijana mmoja mtulivu, mwenye kukaa nyuma, aliandika mistari miwili ya Kiingereza, akakwama, akamalizia kwa Kiswahili: "Jiwe haliongezi mbio, ila kila mara linakatazwa kwenda zake na kurudishwa kitovuni." Nikaikata sentensi hiyo kwa wino mwekundu, nikampa sifuri.

Siku ya kurudishiwa karatasi hakulalamika. Aliuliza tu: "Samahani, Mwalimu. Kuchapua mwendo ni kuongeza mbio. Jiwe hili haliongezi mbio. Basi hapo kinachochapuka ni nini?"

Nilimjibu kwa kanuni: kasi mara kasi, gawanya kwa nusu kipenyo. 4 mara 4 ni 16, gawanya kwa 1, jibu ni 16. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini swali lake lilibaki palepale.

Usiku ule nilichukua bikari, nikachora mduara kama mwanafunzi. Kila nukta ya mduara ina umbali uleule kutoka kitovuni. Umbali huo ndio nusu kipenyo. Nikachora mstari mnyoofu unaougusa mduara mahali pamoja tu. Mstari huo hukutana na nusu kipenyo kwa pembe mraba, daima, popote utakapouchora. Na huo ndio mstari ambao jiwe lingeufuata laiti kamba ingekatika. Mtoto aliyewahi kurusha kombeo analijua hilo: jiwe likiachiwa haliendi nje moja kwa moja kutoka kitovuni, bali hushika njia ya ule mstari wa mguso.

Kamba, basi, huvuta kuelekea kitovuni, ilhali jiwe linaelekea pembeni. Kani inayovuta kwa pembe mraba na mwendo haiongezi kasi wala haiipunguzi, hugeuza tu. Na kwa kuwa fizikia huhesabu badiliko la mwelekeo kuwa badiliko la mwendo, sawasawa na badiliko la kasi, kule kugeuzwa ndiko mchapuko wenyewe. Abiria wa basi lipandalo kona za Mombo kwenda Lushoto huuhisi mwilini, hata kama mshale wa kasi umetulia. Tena dereva akizidisha kasi mara 2 katika kona ileile, mchapuko huzidi mara 4.

Kijana yule alikuwa amesema yote hayo kwa sentensi moja.

Neno letu ndilo lililomtega, kwa sababu limebeba haraka peke yake. Neno la Kiingereza nalo lina maradhi hayohayo, kwani mzizi wake wa Kilatini ni wepesi wa mwendo. Lakini tazameni neno alilolichagua yeye: kitovu. Wagiriki waliita mahali hapo kentron, ncha kali ichomayo, mithili ya ncha ya bikari. Sisi tumepaita kwa jina la mahali mtoto alipofungamana na mamaye. Kwa hiyo Mswahili akisikia kwamba jiwe la kamba lavutwa kitovuni, nusu ya somo ameshaipata kabla ya mwalimu kushika chaki.

Ningeweza kumwita asubuhi yake na kumrekebishia alama. Sikumwita. Nilijiambia kwamba sheria ya mtihani ni sheria, kumbe ilikuwa fahari ya mwalimu tu. Alimaliza chuo, akapangiwa kituo cha mbali, hatukuonana tena. Nami kila mwaka, nilipofika kwenye mada hiyo, niliwaambia wanachuo kwamba jiwe linakatazwa kwenda zake na kurudishwa kitovuni. Wakafurahi, wakaandika. Baadhi yao waliniambia kwamba najua kueleza. Sikutaja hata mara moja kwamba sentensi ile haikuwa yangu.

Ninyi mnaotunga mnajua aitwavyo mtu achukuaye ubeti wa mwenzake. Sina udhuru. Kama bado anasomesha, bila shaka naye ana kalamu nyekundu mkononi. Namwombea aitumie kwa upole kuliko nilivyoitumia mimi, na ajue kwamba swali lile alilipata lote.